Ufa Niliouita Uchafu

Ipo siku moja, mwanangu Riziki, ambayo kila nikiikumbuka mkono wangu wa kulia huacha kazi wenyewe. Nikiwa na kisu hukiweka chini. Nikiwa nakuna nazi hunyamaza, mbuzi ikabaki na kifuu chake. Watu wa nyumba hii hudhani ni uzee, wakaniletea chai ya tangawizi, nami hunywa kwa sababu chai haikataliwi. Lakini si uzee. Ni siku ile.

Jana ulipokuja sikukuambia. Uliingia na furaha yako, ukanipa shikamoo mlangoni kama ulivyolelewa, ukaikunjua ile karatasi mliyoitoa kwenye kompyuta yenu huko Ukunda. Ukasema, "Mama Mkubwa, hii ni ile picha ya jabali ya marehemu Babu Fundi. Nimeisafisha. Palikuwa na doa la wino hapa katikati, jeusi, nimeliondoa. Sasa imekuwa safi, tutaipiga kwenye mifuko na fulana." Nikaitazama. Nikasema, "Mashallah, kazi nzuri," nikaingia ndani, na uliona sikutoka tena. Labda ulikwenda zako ukisema Mama Mkubwa amenuna. Sikununa, wallahi. Nilikuwa nimemwona msichana wa miaka kumi na tisa amesimama mlangoni pangu na karatasi mkononi, anangoja kusifiwa. Na msichana yule alikuwa mimi.

Basi leo kaa. Simu ilaze kifudifudi. Maneno yangu ni marefu na sipendi kukatizwa, unanijua.

Babu Fundi ninyi mlimpata kwa kusikia tu. Kwangu mimi alikuwa Mjomba Athumani, kaka yake mama yangu, tumbo moja. Na sisi Wadigo, mwanangu, mjomba si mtu wa kupita njiani ukampungia mkono. Mjomba ana haki yake juu ya mtoto wa dada yake, na wakati mwingine neno lake lina uzito kuliko la baba. Baba yangu alikuwa akikata miwa Ramisi, tunamwona siku za mapumziko, amechoka, mikono imechanika. Kwa hiyo nilipomaliza shule na kukaa nyumbani nikihesabu boriti za dari, ni Mjomba aliyesema, "Mwanasiti nipeni mimi. Ana mkono mtulivu. Ulimi wake tutauona baadaye."

Kazi yake ilikuwa ya chapa. Alianza ujanani kwa kuchonga mihuri ya kofia. Wadarizi walimletea kitambaa cheupe, yeye akakigonga muhuri wa mti wenye maua na nyota, nao wakaifuata alama kwa sindano. Baadaye mwalimu mmoja wa kuchora kutoka Mombasa akamletea karatasi nzito na makopo ya wino wa matbaa, akamwambia ajaribu kitu kikubwa kuliko kofia. Mjomba akachonga mwamba. Tangu siku hiyo hakuchonga kingine. Alichonga miamba ya Galu inayokatwa na maji chini ikabaki imeinama. Alichonga mapango ya huku Msambweni, na yale matumbawe makali ambayo ukiyakanyaga pekupeku unaita jina la mama yako. Mtu hakuchonga hata mmoja. Ukimuuliza atakwambia, "Mwamba hauniombi niuongezee uzuri."

Wewe umeikuta kazi hii kwenye kioo, inabonyezwa. Sisi tuliifanya kwa mti wa mfenesi, wa manjano, laini, wenye harufu yake. Unachokitoa kwa patasi hubaki cheupe kwenye karatasi. Unachokiacha kimesimama ndicho kinachoshika wino, kikatoka cheusi. Mashine ya kukandamiza hatukuwa nayo. Tuliupaka ubao wino kwa rola, tukatandaza karatasi juu yake, tukaisugua mgongoni kwa kipande cha kifuu kilicholainishwa, taratibu, mpaka kiganja kikawaka moto. Mjomba alikuwa na semi mbili tu katika kazi, na alizirudia mpaka nikawa nazisema usingizini. Ya kwanza, "Wino una toba, ubao hauna." Maana wino ukikosea utafuta kwa mafuta ya taa, lakini mti ukishautoa umeutoa. Ya pili, "Usichonge mwamba hujaukanyaga."

Ya kwanza niliijua kwa ulimi. Ya pili niliipuuza kabisa.

Mwaka wa tatu nikawa hodari, na hapo ndipo shetani alipopata kiti. Yule mwalimu wa Mombasa alikuja siku moja, akazitazama kazi zetu zimetundikwa kwenye kamba, akasema mbele ya watu, "Fundi, mwanafunzi wako sasa anachonga kwa usafi kuliko wewe." Mjomba akacheka, akasema, "Alhamdulillahi, ndiyo raha ya kufundisha." Mimi nikajifanya sikusikia. Lo! Nilisikia mpaka kwenye kucha. Kuanzia hapo nikawa nazitazama mbao za Mjomba kama mke-mwenza anavyotazama chungu cha mwenzake. Hapa mkono umeteleza. Hapa ameacha mabaki. Na kweli aliyaacha, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, la kulia likiwa jeupe kama maji ya mchele.

Mwaka ule ule ikaja habari kwamba lile jabali la upande wetu litavunjwa. Palinunuliwa na watu wa hoteli, nao walitaka ngazi ya kuwateremsha wageni wao ufukweni. Wengine kijijini walifurahi, vijana walipata vibarua. Mjomba alikwenda akanunua ubao mpana wa mfenesi, mpana kuliko wote aliowahi kuchonga, akauweka mapajani. Akaniambia, "Huu ndio wa mwisho, Mwanasiti. Macho yangu yananiaga. Nataka nilimalize jabali hili kabla hawajaligusa, ili libaki pahali."

Kila maji yalipokupwa sana, siku za bamvua, nilimshika mkono tukaenda mpaka juu ya jabali. Hapo aliniachia mkono. Alishuka peke yake, kwa kupapasa, akapotea huko chini kwa muda mrefu. Mimi nilibaki juu kivulini mwa mivinje, nasuka ukili, naona uvivu wa kushuka nikachubuka miguu. Aliporudi vidole vyake vilikuwa vimechunika. Alikaa moja kwa moja kuchonga, macho ameyafumba. Sikumuuliza unashuka kufanya nini. Sikumuuliza kwa nini jabali hili na si lingine. Kuuliza si ujinga, ndivyo wanavyosema, lakini mimi wakati ule nilikuwa nimeshakuwa hodari, na hodari haulizi.

Ikawa Ijumaa. Mwalimu alikuwa aje kesho yake kuuona ubao. Mjomba alioga, akavaa kanzu yake, akaniambia kabla ya kwenda msikitini, "Nisafishie mawingu. Huko juu tu. Jabali niachie mwenyewe."

Kusafisha ndiyo kazi ya mwanafunzi, Riziki. Pale panapotakiwa kuwa peupe hubaki vijiti vidogo vya mti ambavyo patasi imevikosa. Visipotolewa hushika wino, vikaichafua picha. Basi nikasafisha mawingu, nikamaliza upesi. Mkono ulikuwa umeshanogewa. Nikateremka kwenye jabali. Uso wa jabali Mjomba alikuwa ameuchonga mweupe, jua la asubuhi limeupiga, na kando kando kweli yalikuwako mabaki mengi, nikayatoa. Halafu katikati nikakiona kijiti kimoja kirefu, chembamba, kimesimama peke yake kwenye weupe. Kinaanzia juu, kinapinda, kinapinda tena, kinashuka mpaka chini kabisa. Nikasema kwa sauti, nakumbuka, "Maskini Mjomba, macho haya!" Nikamwonea huruma. Hilo nalo ulijue, kwamba nilidhani namsitiri. Sikutaka mwalimu aje aione aibu ya mzee.

Nikaweka patasi juu, nikasukuma. Mfenesi ni mti laini. Hakikunipa tabu yoyote.

Nikafagia mabaki, nikayatia jikoni, na kwa moto ule nikajipikia chai. Nikapaka wino, nikapiga karatasi moja, nikaitundika kwenye kamba. Jabali likatoka jeupe, safi, halina hata alama. Nikakaa kitako nikamngoja Mjomba arudi anisifu.

Alirudi, akasimama mlangoni, akanusa. "Nani amepiga chapa?"

"Mimi, Mjomba. Nimekumalizia. Itazame ilivyong'aa."

Karatasi hakuigusa. Angeionaje? Aliuendea ubao. Akaweka vidole juu, kwenye mawingu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akateremka. Vidole vikafika katikati vikasita. Vikarudi juu, vikateremka tena, vikaenda kushoto, vikaja kulia, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni naye ana hakika alikuwa nao.

"Mwanasiti."

"Labeka, Mjomba."

"Kiko wapi kilichokuwa hapa?"

"Yale mabaki? Nimeyatoa, Mjomba. Yalikuwa yanachafua."

"Umeyaweka wapi?"

"Nimeyatia motoni."

Akakaa. Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alivua kofia yake, akaifunika pale katikati ya ubao, na machozi yakamtoka yule mtu mzima, yanashuka tu, hana hata habari ya kuyafuta. Akaniambia, "Nenda kwenu."

Ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Nikakimbilia kwa mama. Nilimkuta anamenya mihogo, nikaanza kumlalamikia, ee, nikimlalamikia! Kwamba Mjomba hana shukurani, kwamba ameniondoa kwa sababu ya kijiti cha mti. Mama, ambaye alikuwa bibi yako wewe, aliendelea kumenya huku ananisikiliza. Nikasema, "Kijiti chenyewe kilikuwa katikati tu ya jabali, kimekaa vibaya."

Kisu kikasimama. "Kilipinda mara mbili?"

"Ndiyo. Umekijuaje, nawe hata ubao hujauona?"

Mama akanawa mikono, akajifunga leso upya. Hakunitazama alipokuwa akisema, alitazama mihogo. Akanieleza jambo ambalo katika miaka yangu yote kumi na tisa halikuwahi kutajwa nyumbani kwetu.

Mama yao aliitwa Mwanamisi. Siku moja ya bamvua aliwachukua watoto wake wawili, Athumani wa miaka minane na yeye mama yangu wa minne, wakashuka kwenda kuchokoa pweza miambani. Wanawake wenzake walirudi mapema. Yeye alikuwa ameliona shimo moja zaidi. Maji yakaja, na yale maji ya pale hayaji kwa mbele ukayaona. Huingia kwanza nyuma yako, kwenye mkondo, ukigeuka njia haipo. Wakabanwa chini ya jabali. Palikuwa na ufa kwenye uso wa jabali, mrefu, umepinda mara mbili. Mwanamisi akamtia mwanawe wa kiume ndani ya ufa, akamwambia apande. Halafu akamsukuma binti kwa kichwa chake, mikono yake imeushika mwamba, akisema, "Mshike mwenzio. Panda, usitazame chini." Wakapanda. Wakajibana ndani ya ufa ule, mtoto na mtoto, mpaka maji yalipokupwa na watu wakaja wakawateremsha. Mama yao hakuonekana. Haikuonekana hata leso yake. Hakuna kaburi, mwanangu. Ufa ndio uliokuwa kaburi, na Mjomba alikuwa akishuka kila bamvua kuuwekea mkono na kuusomea Fatiha.

"Mtoto aliyesukumwa ni mimi," mama akasema. "Sasa unajua kwa nini pweza hapikwi nyumba hii."

Sisi watoto tulidhani hapendi harufu yake tu.

Ufa ule ulimtoa mama yangu majini akiwa hai, na mimi nikazaliwa naye. Na mama yako, Riziki, akazaliwa baada yangu, na wewe. Sote tulipitia pale. Nami nimeuita uchafu, nimeukata, nimeupikia chai nikainywa.

Wazee wenzangu nao nina neno nao hapa, na wakichukia wachukie. Mama na Mjomba walinificha. Walidhani jambo likinyamaziwa huchakaa, kumbe huhifadhika tu. Kama ningeambiwa nisingekata. Lakini nisijifiche nyuma ya kosa lao. Mimi nilikuwa na mdomo, na sikuuliza.

Kesho yake mwalimu alikuja kama alivyoahidi. Mjomba hakumwonyesha ubao, lakini ile karatasi ilikuwa bado kwenye kamba. Mwalimu akaiona, akapeleka salamu mpaka kwetu, kwamba haijapata kutoka kazi safi namna ile katika nyumba ya Mjomba. Sifa niliyoitamani miaka mitatu ikanifika mlangoni, nami nikaimeza kama dawa ya minyoo.

Siku ya tatu nilirudi kwa Mjomba. Nilipiga magoti nje, hata kizingiti sikukivuka. Nikasema, "Mjomba, nisamehe. Mama ameniambia."

Alikuja mlangoni kwa kupapasa. Kisha akasema, na maneno haya ninayo kama yalivyotoka kinywani mwake: "Sikulia kwa kuwa umekosea. Fundi asiyekosea hajazaliwa. Nimelia kwa sababu umekiona kitu usichokijua, hukuniuliza ni nini, ukakipa jina wewe mwenyewe. Ukakiita uchafu. Kitu ukishakiita uchafu, mwanangu, mkono hauna huruma nacho tena." Halafu akanyoosha mkono gizani mwa macho yake, akanitafuta kichwa, akakishika. "Inuka. Kesho maji yanakupwa. Leo utakwenda kukikanyaga usichokikanyaga." Akajisahihisha, "Kesho." Sote wawili tukacheka kidogo, kicheko cha watu waliotoka msibani.

Nilimwomba mama twende naye. Akakataa. Alisema, "Mimi nilishatoka huko."

Tulikwenda kwa chini, kwa ufukweni, maji yamekwenda mbali. Nilimshika mkono njia nzima. Tulipokaribia nikaona uzio wa mabati, na askari wa hoteli, kijana wa bara, akatujia mbio. "Mzee, huku hakuna njia. Mnaenda wapi na kazi inaendelea?"

Mjomba akamwambia, "Assalamu alaikum, mwanangu. Tumekuja kulishika jabali mara moja tu, tunarudi. Pale penye ufa uliopinda."

Yule kijana akanitazama mimi, akamtazama mzee na macho yake, akavua kofia. "Mzee, hapo walivunja Ijumaa. Ndipo ngazi inapita. Pole sana." Ijumaa yenyewe, Riziki, ilikuwa ile ile.

Alituruhusu tukapita. Nilimpeleka Mjomba mpaka pale, akaweka kiganja kwenye mwamba uliovunjwa. Ndani yake ulikuwa mweupe, kama muhogo ulioukata sasa hivi. Akapapasa juu, akapapasa chini. Tukasoma Fatiha, mimi kwa sauti, yeye midomo tu. Alipomaliza akaniambia, "Haupo kwenye jabali. Haupo kwenye ubao. Umebaki hapa tu." Akaniinulia vidole vyake viwili vilivyochunika. "Na mimi ni wa leo au kesho."

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini hasa. Mpaka wakati ule nilikuwa na tamaa ya siri kwamba nitautazama ufa kwenye jabali, niununulie Mjomba ubao mwingine, nichonge upya. Maji yakimwagika hayazoleki. Nililia njia nzima ya kurudi, naye aliniacha nilie.

Mama alikuwa akitungojea nyumbani kwa Mjomba. Tulimweleza. Alikwenda kwetu, akainama mvunguni mwa kitanda chake, akarudi na mguu wa mbuzi ya kukunia nazi, mkuukuu, umevunjika, mti wake mweusi na mgumu. Akasema, "Hii alikuwa akiikalia mama. Mchongeeni kwa hii." Mjomba akaupokea, akaunusa, akauweka shavuni.

Tulichimba mfuo kwenye ubao wa mfenesi, tukapachika kipande kile na gundi, kiraka chembamba kutoka juu hadi chini. Kikakauka siku mbili. Kisha, baada ya sala ya adhuhuri, Mjomba akaniketisha na ubao mapajani, akakaa nyuma yangu, akanipa patasi. Akaniambia, "Fumba macho." Nikafumba. Akaushika mkono wangu kwa mkono wake, na kidole chake cha shahada akakilaza juu ya changu. Akausogeza huku akisema: Hapa ulikuwa unapinda. Hapa palikuwa na kijipembe, nilitia goti. Hapa ndipo nilipomvuta mama yako. Mama alikuwa amekaa pale pale, na mara moja akasema, "Hapana, kaka, hapo palikuwa papana zaidi. Mguu wangu uliingia wote." Ndiyo mara ya kwanza kuwasikia wakilizungumza. Mpaka alasiri inaadhiniwa tulikuwa tumemaliza.

Tulipopiga chapa ya kwanza nikaona kasoro mbili. Mti wa mbuzi ulishika wino kuliko mfenesi, kwa hiyo ufa ulitoka mweusi kupita kiasi, mzito, unakodoa macho. Na kule chini kabisa kiraka hakikufikia. Palibaki pengo, upana wa kidole, ufa umekatika kabla ya kugusa maji. Nilitaka kupiga msasa pale juu na kuongeza kijiti pale chini. Safari hii niliuliza. Nikasema, "Mjomba, ufa umetoka mweusi mno, na chini una pengo. Nilizibe?" Unajua methali yetu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeisema maisha yangu yote na ni ya kweli kwenye nyumba.

Akaniambia, "Niwekee kidole hapo penye pengo." Nikakiweka kidole chake. Akakaa nacho pale muda mrefu. Akasema, "Usilizibe. Hapo ndipo alipokuwa amesimama."

Mjomba hakufika Ramadhani ya pili. Ngazi ya hoteli ipo, umeshaipita mara ngapi mwenyewe, na pale inapopita palikuwa na nini hakuna anayejua. Picha ile imetundikwa kwa mama yako tangu hujazaliwa, nawe umekua unaiona, ukaona doa. Kosa ni langu. Nilimlaumu mama kwa kunyamaza, halafu nikanyamaza mimi miaka arobaini na kitu. Majuto ni mjukuu, na wangu amenijia jana na karatasi mkononi.

Basi haya ndiyo ninayokuachia, mwanangu, na uyashike. Ukiikuta kazi ya aliyekutangulia na ndani yake pana jambo linalokukera jicho, usikimbilie kusema amekosea. Huenda amekosea kweli, wazee hukosea, mimi ni shahidi. Lakini uliza kwanza. Kama yupo muulize yeye, kama amekufa waulize waliomjua, kama hakuna aliyebaki kaa na kitu chenyewe mpaka mkono wako utulie. Usafi ni sehemu ya imani, tumefundishwa hivyo, lakini si kila kinachochafua macho yako ni uchafu. Usimsitiri mtu kwa jambo ambalo yeye hakuliona aibu. Na ukisifiwa kwa kazi ambayo roho yako haijaikanyaga, ogopa. Nawe ukizeeka, sema. Usiwaachie watoto picha bila maneno yake.

Wewe una bahati niliyoikosa. Kompyuta yako ina toba, nimeambiwa ukibonyeza mahali kilichofutwa hurudi. Basi nenda ukarudishe. Urudishe weusi wake wote, na lile pengo la chini uliache kama lilivyo. Mifuko na fulana sikukatazi, lakini atakayekuuliza hii alama ni nini, umwambie jina lake. Mwanamisi.

Mungu akujaalie jicho la kuona, na akutangulizie ulimi wa kuuliza mbele ya mkono wa kukata. Akuweke katika radhi za waliokushika usianguke, unaowajua na usiowajua. Na siku maji yatakapokujia kwa nyuma, kwa maana kila mtu humjia, akupe ufa wa kutia mguu na mtu wa kukusukuma kutoka chini. Sema amina.

Haya. Ubao uko mvunguni, umefungwa kwenye leso ya bibi yako. Inama uutoe, halafu fumba macho unipe hicho kidole.